Shati la Mabaki

Machi 3

Shangazi yangu, shikamoo.

Nimefika. Najua utasoma barua hii ukitafuta mahali nilipokosea, basi isome kwanza mpaka mwisho ndipo unitukane.

Anayeileta ni dereva wa lori la dawa, kwa kuwa huku simu zilizimwa siku chache baada ya soko kuchomwa. Mpe chai, na ukiwa na jibu mpe pia, atalipitia akirudi huku. Ni mtu mzuri ila mdomo haufungi; njia nzima amenieleza habari za magoti yake. Barabarani wamelaza magogo, na penye kila gogo pana kijana mwenye bunduki aliyechoka kusimama. Swali lao ni moja: unakwenda kwa nani? Mara ya kwanza nilisema nakwenda kwa kaka yangu. Akaniuliza anakaa wapi. Dereva akanijibia, "Amezikwa." Kijana akalisogeza gogo. Basi tukawa tunajibu hivyo kila mahali, na tukapita kwa urahisi. Baridi hata akiwa chini ya udongo bado ananifungulia milango.

Huku nao wanamwita Baridi. Nilidhani jina hilo tulimpa sisi nyumbani kwa ajili ya majokofu yake, liishie nyumbani, kumbe alilibeba mpaka huku. Kwenye zahanati kuna jokofu la chanjo, na ubavuni ameandika kwa rangi: BARIDI AMEPITA, MSIFUNGUEFUNGUE. Nimelishika. Linanguruma vizuri kabisa. Muuguzi anasema halijazima tangu alipolitengeneza. Nilipata hasira, Shangazi, nilitamani lizime hapohapo mbele yangu.

Nimepewa chumba kilekile alichokaa. Mama mwenye nyumba ni mjane, ana mtoto mmoja tu wa kiume ambaye ameondoka, eti ametafuta kazi kwa mjomba wake. Kitanda ni cha chuma, ukutani kuna misumari ya nguo, na dirisha linatazama uani kwenye kamba za kuanikia. Vitu vya kaka alinifungia ndani ya shuka: bisibisi zake, redio isiyo na betri, ovaroli ya kazi iliyofuliwa na kupigwa pasi, suruali, fulana. Kila kitu kipo isipokuwa lile shati nililomshonea mimi. Najua hulipendi. Najua mabaki ya kitambaa ni ya mwenye meza ya kukatia, umetuimbia tangu tukiwa watoto. Lakini ulikuwa hospitali na jicho lako, kitambaa cha wale walinzi wa maghala kilibaki kingi kwa sababu mimi nakata kwa kubana kama ulivyonifundisha, na kaka alikuwa anasafiri na mashati mawili ya aibu. Nilimuuliza mama mwenye nyumba lilipo, akasema hajui, akaenda kuangalia chungu ambacho hakikuwa jikoni.

Kaburi liko nyuma ya zahanati. Wamelizungushia mawe vizuri. Sitakueleza zaidi ya hapo.

Ninachotaka ni kimoja: nijue nani alimuua, na kwa nini. Ofisi yake iliandika "watu wasiojulikana." Hawajulikani na nani? Mitaani hapa kila mtu anajua jambo, maana wakiniona wanavuka upande wa pili. Nikishajua nitarudi kwenye mashine yangu. Kabla ya hapo usiniwekee chakula.

Mtoto wako,
Pini

*

Machi 11

Pini,

Marahaba, ingawa hukuistahili. Mtu anaaga kwa mdomo, haagi kwa kikaratasi chini ya kopo la vifungo.

Dereva wako amekunywa chai vikombe vitatu na magoti yake nimeyasikia yote. Amenieleza na mengine kuhusu huko, na tangu hapo sijalala sawasawa. Wewe hujui lolote, hujui nani ni nani, una umbo la sindano na mdomo wa mkasi, halafu unakwenda kusimama katikati ya watu wanaouana ukiwauliza nani ameua! Una akili wewe? Nilimlea kaka yako akaenda huko akarudi jina tu. Nilikulea wewe. Sina wa tatu.

Ukijua utafanya nini? Niambie. Utamshika ukosi umpeleke wapi? Huko polisi ndio hao hao, na mahakama imefungwa, dereva kasema. Utabaki na jina la mtu kifuani mwako, ulale nalo, uamke nalo. Mimi nimeishi zaidi yako, na kuna mambo niliyoyajua ambayo ningelipa ili nisiyajue.

Hilo shati achana nalo. Nguo ni nguo. Labda aliligawa, unamjua alivyokuwa, angegawa hata kivuli chake. Chukua redio na bisibisi, funga shuka, panda lori. Usiulize tena habari za shati kwa mtu yeyote huko, unanisikia?

Hapa kazi inakwenda. Kwenye mashine yako nimemkalisha binti wa jirani kwa muda. Anashona kola zinasimama kama masikio ya mbwa aliyesikia jambo. Jicho langu limepona, bandeji imetolewa siku nyingi. Linaona vizuri, kupita nilivyotaka.

Rudi.

Shangazi yako

*

Machi 24

Shangazi,

Leo sina shikamoo.

Nilikwambia watu hapa hawaongei nami. Nikaona nitafute njia. Mama mwenye nyumba ana cherehani ya mkono iliyokuwa imekaa bure, nikaitia mafuta, nikaiweka barazani. Mtu mwenye suruali iliyochanika lazima aongee na fundi, hata kama hampendi. Na kweli walianza kuja, mmoja mmoja.

Jana walikuja wengine. Gari la wazi, vijana kama kumi nyuma. Mtaa mzima ulifunga milango mara moja, hata kuku walijua. Hawa ndio wanaowaita "wenye mashati." Ndio waliochoma soko, na serikali inasema haiwajui. Mmoja akashuka, akavua shati lake akanirushia. "Fundi, kwapa limeachia." Mama mwenye nyumba alikuwa nyuma ya mlango, nilisikia pumzi yake.

Nikaligeuza. Kitambaa kile, kijivu chenye ukijani. Mifuko miwili yenye vifuniko. Vitepe vya mabegani. Nikajiambia vitambaa vinafanana, duniani kuna mafundi wengi. Nikashuka mpaka kwenye pindo. Kifungo cha chini kabisa kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

Nani mwingine anafanya hivyo, Shangazi? Nani mwingine anashona kifungo cha chini kwa uzi mwekundu, ili mtu ajue pa kuanzia asikosee kufunga? Sijaona popote. Na kola ile niliipinda mimi. Naijua mishono yangu kama ninavyoijua sauti yangu. Nikamshonea kwapa lake. Nikamshukuru aliponishukuru.

Walinzi wa maghala! Ulituambia walinzi wa maghala, tukashona usiku na mchana, nikaimba nikishona.

Lakini hilo si baya kuliko yote. Jioni tulikaa na mama mwenye nyumba, na nadhani alitaka kunichangamsha, maana alinihadithia jinsi Baridi alivyokuwa akimchekesha. Akasema siku moja, simu zikiwa bado zinafanya kazi, alimsomea ujumbe kutoka kwako: "Lile shati usilivae huko. Livae ukirudi." Walicheka sana. Baridi alisema, "Shangazi na vitambaa vyake! Ananihesabia mpaka jasho."

Mimi sikucheka. Nilimuuliza siku aliyouawa alikuwa amevaa nini. Akatazama uani, akasema, "Ovaroli. Ile niliyokupa. Nilimfulia." Akainuka akaenda kulala jua halijazama.

Fikiri basi, wewe mwenye akili. Nani anaua watu huku? Wenye mashati. Na wenye mashati hawamgusi nani? Mwenzao. Baridi alikuwa nalo shati lao, limeshonwa meza moja na ya kwao, kwa kipimo chake, mpaka vitepe vya mabegani nilimwekea kwa kuwa vilibaki vimekatwa tayari na niliona hasara kuvitupa. Angekuwa nalo mwilini siku ile wangempungia mkono akapita. Nilimshonea kinga bila kujua. Wewe ukamvua, kwa ajili ya mabaki ya kitambaa.

Niambie si hivyo. Niandikie unikane, unitukane, uniambie nimepotoka. Nangoja.

Pini

*

Machi 26

Kwa shangazi wa marehemu,

Hunijui. Mimi ndiye mama mwenye nyumba aliyokaa Baridi, na sasa anakaa dada yake. Naandika bila yeye kujua, muuguzi ndiye atakayempa dereva barua hii. Nisamehe mwandiko.

Mtoto wako ni mzuri. Anakula kidogo na anajibu kwa ukali lakini akiona nimebeba ndoo ananipokea. Nimemdanganya, na uongo umeniota mwilini, siwezi tena kuubeba peke yangu.

Marehemu hakuwa amevaa ovaroli. Ovaroli niliifua mimi siku ile, ilikuwa kambani inachuruzika maji. Alinitania, akasema, "Mama umenivua nguo za kazi, sasa nitakwenda kazini nimependeza," akavaa lile shati. Nilimwambia hilo shati linafanana na mashati ya wale watu. Alisema watu wote hapa wanamjua, yeye ni Baridi, nani atamdhania vingine. Nami nikaona kweli. Nilimwacha atoke.

Alikwenda zahanati ya chini kutengeneza jokofu. Kurudi, pikipiki ikamwishia mafuta, akaja kwa miguu mpaka darajani. Giza lilikuwa linaingia. Wiki hiyohiyo wenye mashati walikuwa wamechoma soko na ndugu zetu wakiwa ndani, na vijana wetu wakawa wanalinda daraja. Waliona mtu peke yake, shati lile, vitepe vile mabegani. Hawakuuliza. Aliwaita, lakini kila mtu alikuwa anapiga kelele.

Sasa nasema jambo ambalo mkono wangu unalikataa. Mwanangu alikuwa mmoja wao. Mwanangu huyu aliyekula na Baridi sahani moja, aliyefundishwa naye kushika bisibisi. Walipokwisha, yeye ndiye aliyeinama kuvua lile shati ili walichome hadharani. Alifungua vifungo kuanzia juu. Alipofika cha chini akaona uzi mwekundu. Baridi aliwahi kumwonyesha uzi huo na kumwambia, "Dada yangu ananijua, nisipowekewa alama ninafunga kombo." Ndipo akamgeuza uso.

Aliniletea shati mkononi. Sasa yuko kwa kaka yangu, nimemficha huko, na sijui kama namficha na sheria au namficha na nafsi yake. Shati nimelifua. Liko chini ya godoro langu.

Binti yako anadhani wenye mashati ndio waliomuua, na kwamba shati lingemwokoa. Nilipomsikia akisema hivyo nilitaka ardhi inimeze. Nimwambie? Ni haki yake. Mkitaka kumshtaki mwanangu sitawafungia mlango. Lakini nikimwambia wa kwangu alifanya nini, lazima nimwambie na kwa nini, na hapo nitakuwa nimemwambia kwamba shati aliloshona yeye ndilo lililomuua kaka yake. Sina nguvu hiyo. Wewe umemlea. Niambie nifanye nini.

Mama mwenye nyumba

*

Aprili 4

Dada yangu,

Nakuita dada kwa kuwa sina jina jingine la kukupa, na kukuita adui siwezi.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Kwa hiyo mtoto wangu aliwaita. Hilo moja usingeniambia.

Nami nikueleze langu, maana Pini hatalijua. Tulipopokea kazi ile sikujua. Aliyekuja alikuwa mtu mstaarabu, amevaa vizuri, alisema ni sare za walinzi wa maghala, nikamwamini kwa sababu nilitaka kazi. Nikaenda kupasuliwa jicho. Huku nyuma Pini akakata shati la kaka yake kwenye mabaki, na kijana akaondoka nalo. Siku nilipotolewa bandeji, kitu cha kwanza nilichosoma ni gazeti, na kwenye gazeti palikuwa na picha ya watu wa huko wamesimama mbele ya soko lililoungua. Niliona kola. Fundi haangalii sura, anaangalia kola. Nikajua nimewavisha mimi.

Nilimwandikia Baridi ujumbe pale pale. Nikaogopa kueleza, kwa kuwa mteja yule ana macho na masikio kila mahali, na simu si siri. Nikasema neno moja tu, usilivae huko, nikadhani atanitii kama alivyonitii akiwa mdogo. Lakini nimekuwa bahili maisha yangu yote, dada. Vipande vya kitambaa navifungia kabatini, na watoto hawa wamenicheka kwa hilo tangu wana meno ya maziwa. Siku niliyosema jambo la kweli likasikika kama ubahili. Akacheka akalivaa.

Mteja alirudi na majora mengine. Nilimwambia mikono inaniuma, akatabasamu. Wiki iliyofuata walikuja watu wakabeba mashine zote. Imebaki ya Pini tu, kwa kuwa binti wa jirani alikuwa ameihamishia kwao. Sasa nashona mapazia, na mapazia yenyewe ni ya jirani huyo huyo.

Usimwambie. Nakuomba kama ninavyoomba uhai. Anachodhani sasa ni kwamba mimi ndiye niliyemuua kaka yake kwa uchoyo. Mwache adhani hivyo. Mimi nimezoea kusemwa, na miaka iliyobaki ya kunichukia si mingi. Akijua kwamba alikata mwenyewe, akapinda mwenyewe, akaongeza na vile vitepe kwa kuona hasara, hatashika mkasi tena. Namjua. Ataitazama mikono yake mpaka aichukie. Kaka yake kafa, sitaki na yeye afe huku anatembea.

Shati lichome.

Kuhusu mwanao, usiniombe nimsamehe, sina. Lakini maiti wa pili simtaki, na mama wa pili anayelia simtaki. Mweke mbali na mtoto wangu. Hilo tu.

Shangazi wa Baridi

*

Aprili 4

Pini,

Ulitaka jibu. Ni kama ulivyosema.

Nilijua mteja wetu ni nani tangu siku ya kwanza. Kazi ni kazi, na nilikuwa na midomo miwili ya kulisha. Shati nilimkataza kaka yako kwa sababu kitambaa kile kilikuwa kizuri na nilitaka akitunze. Sikufikiri zaidi ya hapo. Ndivyo nilivyo, mmenijua miaka yote.

Mteja amerudi, kazi ni nyingi. Ukitaka kurudi njoo, usipotaka kaa. Ukitaka kunichukia una haki zote, ila unichukie ukiwa umekula. Dereva kasema umekonda.

Shangazi

*

Mei 2

Shangazi,

Hii ni barua yangu ya mwisho kwako, kwa hiyo nitaandika taratibu.

Nilingoja ukane. Lori lilipochelewa nilikwenda mpaka kwenye kona ya barabara nikasimama kama mwehu, nikimwombea Mungu barua yako ije imejaa matusi. Ningekuamini. Ungesema uongo wowote ningeumeza bila maji. Badala yake umenijibu kama mtu anayejibu habari za bei ya uzi. "Kazi ni nyingi." Kwa hiyo hata sasa unawashonea! Kaka yangu ameoza huku, na wewe unapinda kola zao.

Sirudi. Mashine yangu mpe binti wa jirani, na kola zake zilizosimama.

Huku wamenipokea. Ni ajabu, watu waliokuwa wakinikimbia ndio sasa wananiletea ndoo za maji. Mtoto wa mama mwenye nyumba amerudi, kijiji cha mjomba wake kimechomwa na wenye mashati, na hana tena pa kwenda. Mama yake hakufurahi kama nilivyotarajia. Alimwambia mbele yangu alale zahanati, nikaingilia kati, nikasema nyumba ni yenu, mimi ndiye mgeni, atakwendaje kulala sakafuni kwa ajili yangu? Akabaki.

Ni kijana wa umri wa Baridi, mabega yaleyale. Nikitokea uani anaingia ndani, nikiingia ndani anatoka. Nilidhani ana kiburi. Halafu nikaona kila asubuhi pipa la mlangoni kwangu limejaa maji, na mawe ya kaburi yamepangwa upya baada ya mvua. Nilimuuliza mama yake nani anafanya vile, akajifuta uso kwa kanga akasema hajui. Mama huyu hajui mambo mengi.

Alikuja na nguo za mwilini tu, kwa hiyo niliamua kumshonea shati. Mama yake alinisihi nisijisumbue, mara tatu alinisihi, mpaka nikaudhika. Nilipata kitambaa cha bluu, kizuri, si kijivu. Sikumpima. Nilikata kwa kipimo cha kaka kilichomo kichwani mwangu. Sikuweka kitepe chochote mabegani, wala kifuniko cha mfuko, na kifungo cha chini nikakishona kwa uzi mwekundu, kwa kuwa hilo ni la kwangu sasa, silirudishi kwako.

Alilivaa pale barazani. Nikamwambia, "Anzia chini, kwenye uzi mwekundu, hutakosea." Alikishika kile kifungo. Akaketi sakafuni, akalia kwa sauti, Shangazi, kijana mzima, mpaka majirani wakachungulia. Mama yake alikuwa mlangoni naye analia, hakumsogelea. Hawakuniambia kwa nini. Sikuhitaji kuambiwa. Alikuwa rafiki wa kaka yangu, na ile alama anaijua.

Nikapiga magoti nikamfungia vifungo mwenyewe, kimoja kimoja mpaka juu, kama nilivyokuwa nikimfungia Baridi alipovunjika mkono. Alikuwa akisema "nisamehe, nisamehe," nikamwambia hana alilonikosea.

Nimepata watu wanaomlilia kaka yangu. Kwako sikuwaona. Usiniandikie tena.

Pini

*

Mei 15

Pini,

Umesema nisiandike. Hii si barua. Dereva amemaliza chai yake na hataki kuondoka mikono mitupu.

Nilikuandikia nyingine, ndefu. Nimeichana, ilikuwa na makosa.

Hayo ya kijana nimeyasoma. Nimeyasoma mara nyingi, jicho limeanza kuuma tena. Umefanya vizuri kumfungia vifungo. Akiwa anajaza maji mwache ajaze. Usimuulize kitu, watu wengine kuuliza kunawaumiza. Na mama yake mheshimu, hata akikudanganya.

Umesema huku hukuona anayemlilia kaka yako. Mimi hulilia jikoni, na wewe ulikuwa kwenye mashine, ina kelele.

Binti wa jirani sikumpa mashine yako, ameirudisha. Nimeitia mafuta na kuifunika kwa lile shuka la maua, iko dirishani pale pale. Hata kama hurudi, itakaa hapo.

Na mabaki ya kile kitambaa cha bluu, usimrudishie mtu. Aliyekata ndiye mwenyewe. Ni yako.

Shangazi yako